Mkono wa Mzee Kwenye Swichi

Sauti ya dada ilikatika katikati ya sentensi. Nilikuwa koridoni, sikio limenata kwenye mlango wake. "Haloo? Mnanisikia?" Halafu kimya. Nikajua kompyuta imeganda. Usaili ndio kwanza umeshika moto, na watu watatu wa kampuni ya bima, huko mji wa mbali, wanaangalia picha yake iliyokwama mdomo wazi.

Mwenyewe alikuwa amenifukuza. "Toka bwana, unanitetemesha." Sikubisha. Kutulia sijui, shule yenyewe iliniona kisogo mapema.

Kompyuta ile niliitoa kwenye rundo la ofisi iliyofungwa. Ilikuwa inajikokota kama konokono mwenye mafua, nikafuta kila kitu, nikaiwekea Linux badala ya Windows aliyoizoea dada. Ikapata miguu. Dada ndiye aliyepotea njia.

"Diski C iko wapi?"

"Huku haipo."

"Haipo? Umeiuza?"

Mara sauti haitoki. Tukahangaika weee, kumbe inapelekwa kwenye kioo, na kioo chenyewe hakina spika. Mara dirisha limefichwa nyuma ya jingine, yeye anasema limefutika. Tulijifunza kwa kugombana. Mimi nikimnyang'anya kibodi, yeye ananichapa vidole.

Lililomtoa jasho lilikuwa hili la kuganda. Nilimwonyesha vitufe vitatu vya kubonyeza pamoja, Ctrl, Alt na F3. Kioo kikawa cheusi tii, maandishi meupe juu. Akaruka.

"Umeiua!"

"Haijafa. Programu iliyoganda ni kama mtu analeta fujo sebuleni, mlango wa mbele haupitiki. Unazunguka uani, unamtoa, unarudi kukaa. Andika jina lako."

Akaandika. Nikamwambia aweke neno la siri. Akabonyeza, akabonyeza. Kioo hakikuonyesha hata nukta.

"Kibodi nayo imekufa."

"Inakusikia. Haitaki tu jirani achungulie. Malizia, piga Enter."

"Yaani niamini kitu nisichokiona?"

"Si unaamini utapata kazi?"

Akanizaba kofi la kisogo. Lakini alimalizia.

Nyumbani tulikuwa wawili na mzee. Mzee wetu alichomea vyuma maisha yake yote, na cheche zilikuwa zimemla macho. Barabara hakuvuka peke yake tena. Mama alishatangulia. Hatukuwahi kulitamka, mimi na dada, ila tulilijua kama tunavyojua njaa: mmoja ataondoka, mwingine atabaki na mzee. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Nilikuwa nimeshaongea na madereva wa malori, nimeshachagua mji. Dada akiipata kazi ile kwanza, safari yangu imekwisha.

Siku hizi watu wananiletea kompyuta zao zilizokwama, na wengine huniuliza kwa nini kijana kama mimi sikutoka hapa. Nawaambia wateja wamenishika. Wanacheka, tunaendelea.

Basi koridoni, mzee akatokea jikoni akipapasa ukuta.

"Mbona kimya?"

"Imeganda, baba."

"Si ukate umeme!"

Kwake hiyo ndiyo dawa. Mashine ikileta kiburi unaizima ukutani, inapoa, inashika adabu. Karakana nzima aliiendesha hivyo. Aliwahi kuizima hii kompyuta ikiwa katikati ya kujisasisha. Ilikataa kuwaka, nikaihangaikia tangu asubuhi mpaka jua linazama. Swichi kubwa ya nyumba ilikuwa palepale, juu ya bega langu. Mkono wake ukapanda kuitafuta.

Sitasema uongo, niliona kila kitu. Anazima. Usaili unakufa. Wale watatu wanamwita mtu mwingine. Na wa kulaumiwa si mimi, ni mzee na macho yake. Mimi kazi yangu ni kusimama tu.

Vidole vyake viliigusa.

Nikamdaka mkono. Sijawahi kumshika baba yangu hivyo, kwa nguvu, kama mwizi. Ngozi ngumu kama soli.

"Niachie we! Dada yako ataaibika!"

"Atajitoa mwenyewe."

"Anajua?"

"Anajua," nikasema, na sikuwa na uhakika hata kidogo.

Tukabaki hivyo, mkono wake juu, wangu juu ya wake, tunahemeana usoni. Ndani, vitufe vikaanza kulia. Polepole. Vikakoma. Nikatamani nipige mlango teke. Vikalia tena, halafu sauti ya mwanamume ikatoka kwenye spika: "Naam, tumekupata."

Na dada, kama mtu aliyetoka kunywa maji: "Samahani, programu iliganda, nimeifunga na kuifungua upya. Mlikuwa mnaniuliza kuhusu mteja anayefoka."

Mkono wa mzee ukalegea. Sikuuachia.

Alipotoka, shingo ya blauzi ilikuwa imelowa. "Wamenichukua," akasema. "Wanataka nianze mwezi ujao."

"Mungu mkubwa," mzee akasema. Kisha akauliza, "Huko ni mbali?"

"Mbali, baba."

Akageuza uso kunitafuta, akaangalia kidogo pembeni ya nilipokuwa. "Haya. Twendeni tukale, chakula kinapoa."

Nikampa bega. Akalishika, tukaenda, kwa mwendo wake.