Firigisi ya Baba Jackie

Kisu kiliteleza mara mbili kabla firigisi haijakubali kupasuka. Asenath aliifungua kama anayefungua kiganja cha mtoto aliyeficha kitu, na vitu vilikuwamo kweli: changarawe, kipande cha chupa ya kijani kilicholainika kama peremende, kifungo cha shati la shule. Jogoo hana meno. Anachomeza ndicho kinachomsagia ndani kwa ndani, hadi siku ya kisu.

"Mama Jackie," alisema jirani yake Nafula, akiyang'oa manyoya ya mwisho kwa kucha. "Si huyu ndiye alimfukuza yule karani wa kodi ya nyumba?"

"Ndiye."

"Masikini. Alikuwa askari wetu."

Mtaa wote wa Kaloleni ulimjua jogoo huyo. Watu walisema alimkimbiza karani mpaka Jogoo Road, na kwa kuwa barabara ilikuwa ya jina lake, hakuna gari lililothubutu kumpigia honi. Asenath alikuwa muuza kuku, na wateja kutoka soko la Muthurwa walikuwa wamemtaka huyu kwa bei yoyote. Akawakatalia wote. Alikuwa akimlea kwa ajili ya leo.

Leo Mideva alikuwa anakuja. Mjukuu wake, mtoto wa marehemu bintiye Jacklyne, aliyechukuliwa na Waholanzi akiwa na miaka mitatu ili wawe wazazi wake. Huko kwao, kila mwaka, familia hiyo huadhimisha siku waliyoanza kuwa watatu. Huu ulikuwa mwaka wa kumi, na walikuwa wameomba sherehe ifanyike hapa, mezani kwa nyanya yake.

"Na mzee wako atakula?" Nafula aliuliza bila kuinua macho.

"Kuku atakula."

"Sijakuuliza kuku."

Asenath aliimwagia firigisi maji, akaisugua kwa chumvi, akaisuuza, akaisugua tena.

Kwa watu wao wa Maragoli, firigisi, ambayo wenyewe huiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Kuna ndoa zimevunjika kwa sababu kuku alifika mezani bila hiyo. Lakini Dishon, mumewe, mstaafu wa reli, alikuwa hajaigusa tangu Mideva aondoke. Asenath huiweka juu ya chakula chake. Dishon huiondoa kwa kijiko, akaendelea na paja. Mwishowe huishia kwa paka wa Nafula, paka aliyenenepa mpaka panya wa mtaa wakawa wanampisha njia kwa heshima tu, si kwa woga.

Chanzo kilikuwa siku ya kumuaga mtoto. Wakati huo Jacklyne alikuwa ameshazikwa, na Asenath alikuwa anakohoa damu. Usiku na mchana aliliona kaburi la pili likichimbwa kando ya la kwanza. Akamtazama mtoto. Akamtazama Dishon, ambaye maishani mwake hakuwahi kuchemsha hata maji ya chai. Akasema mtoto apewe watu wenye mapafu mazima.

"Ngoja," Dishon alimwambia. "Utapona. Ngoja kidogo tu."

Hakungoja. Alimpeleka kwenye makao ya watoto, akaweka sahihi, korti ikamaliza yake. Siku wageni walipokuja kuaga alichinja kuku, na Dishon akaisukuma sahani mbali naye. "Imondo ni ya mwenye nyumba," alisema kwa Kimaragoli, ili wageni wasielewe. "Mpe aliyeamua." Asenath alibaki na firigisi mkononi, macho ya wageni usoni mwake, mtoto akilia. Kwa aibu akaitia kinywani mwa mtoto. Mtoto akanyamaza. Wageni wakatabasamu, wakapiga picha.

Kisha dawa zikafanya kazi. Kikohozi kikakauka, mwili ukarudi, akarudi kibandani kwa kuku wake. Kosa la Asenath lilikuwa kupona.

Walifika mchana. Mideva alikuwa amempita nyanya yake kwa kimo, na paji la uso lilikuwa la Jacklyne, halikubadilishwa hata kidogo na ile baridi ya huko. Baba yake, Pieter, aliinama mlangoni kama twiga anayeomba radhi, mkewe nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi," akasema, Kiswahili cha kitabuni, ambamo bibi ni nyanya, si mke kama Kaloleni.

Nafula alicheka nyuma ya sufuria. "Baba Jackie, umenyang'anywa mke mchana kweupe."

Dishon, ndani ya koti alilostaafu nalo, alitabasamu kidogo. Asenath aliliona tabasamu hilo, akaliweka.

Mideva alimshika nyanya yake mikono yote miwili. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Baba aliniambia ulikuwa mgonjwa sana. Nafurahi kwamba umepona."

"Nimepona," alisema Asenath. Akaenda kuleta maji ya kunawa.

Dishon aliombea chakula, kwa kifupi, yeye ambaye kanisani alisifika kwa sala ambazo ugali hupoa zikiwa bado Misri. Asenath akapakua. Paja la Pieter, kidari cha mkewe, na firigisi juu ya sahani ya Dishon. Dishon aliitazama firigisi. Akachukua kijiko.

"Samahani, Babu," alisema Mideva. "Hiyo ni yangu."

Nafula alipaliwa na mchuzi.

Pieter aliona haya mpaka masikioni. "Mtusamehe. Siku ile tulimwona Bibi akimlisha. Tukajua ndiyo desturi, kwamba siku hii mtoto ndiye hupewa. Basi kila mwaka tunainunua kwa mchinjaji mmoja Mturuki. Mara ya kwanza mke wangu aliipika ikawa soli ya kiatu."

"Bado ni soli," alisema Mideva, na mama yake akampiga kikofi begani.

Asenath hakuthubutu kucheka. Miaka yote hiyo, katika nchi ya watu, walikuwa wakiisherehekea sahani iliyosukumwa. Alimngoja Dishon aseme. Neno moja lingetosha kufichua yote, na safari hii angelisema kwa Kiswahili.

Dishon alimtazama mkewe. Alimtazama sana. Kisha akaweka kijiko chini, akaichukua firigisi kwa vidole, akaitia kwenye sahani ya mtoto.

"Kama ni desturi," akasema, "mimi ni nani niipinge?"

Mideva aliomba kisu. "Sisi huigawa," akasema. Akaikata vipande vyembamba: cha baba, cha mama, chake. Kingine akamwekea Dishon. Cha mwisho akakisogeza mbele ya Asenath.

"Huyo hali hiyo kitu, mama," Nafula aliwahi. "Kwao wanawake hawali—"

"Mwache ale," alisema Dishon.

Asenath alijaribu kuisikiliza tena ile sauti kichwani mwake, kama ilikuwa ruhusa au yalikuwa maneno ya siku ile, mpe aliyeamua, yamerudi kwa lugha nyingine. Haikumwambia. Alikishika kipande chake bila kukipeleka mdomoni.

Dishon alitia chake mdomoni. Akatafuna upande wa kushoto, penye meno. Kitu kikasagika kinywani mwake, kichangarawe ambacho maji na chumvi yote ile havikukipata, na kila aliyekuwa mezani alikisikia.

Asenath alimwekea kisosi ateme.

Dishon alikisukuma kando, taratibu, akaendelea kutafuna.