Sifuri ya Mto Simiyu

"Futa hiyo sifuri."

"Sifuti, baba."

"Nyanda, unanisikia au umeshaondoka?"

Maana mzee Mayige anamjua mwanawe. Unaweza kumfokea yuko mbele yako, kumbe mwenyewe hayupo. Na kweli alishaondoka. Daftari la kipimo cha mto mkono huu, simu mkono ule, sauti ya baba inagonga bati, yeye anaelea tu.

Mguu wa mzee ulivimba, ndiyo maana asubuhi Nyanda alishuka yeye chini ya daraja, kwenye ule ubao wa namba ambao baba yake anausoma mwaka wa kumi na tisa sasa. Maji hakuna. Mchanga tu, laini kama unga wa muhogo, na ng'ombe wa watu wamelala katikati ya mto wanacheua kama wako zizini kwao. Akaandika sifuri. Kuangalia ya jana: sentimita kumi na mbili. Juzi, kumi na mbili. Mwezi mzima kumi na mbili, mwandiko wa baba.

"Kumi na mbili ulizitoa wapi?"

"Zilikuwepo. Zitarudi. Wewe mgeni akipiga hodi unamwambia chungu kitupu? Hiyo namba inafika Uganda, Sudani, mpaka Misri. Mkoa mzima umepewa jina la huu mto, halafu wewe, hata matokeo ya kidato cha nne hayajatoka, unawaambia watu sisi ni sifuri?"

"Hawasomi ili watusifu, baba. Wanagawana maji. Ukiwaambia yanakuja, wanayangoja."

Kusema wanayangoja tu, akamwona mmoja. Yuko Misri, ukingoni mwa mfereji, kanzu kaipandisha magotini, anatazama kusini. Sentimita kumi na mbili za hapa Bariadi zinamjia polepole, zinavuka ziwa, zinaingia mto Nile pale Jinja, zinapotelea kwenye matete ya Sudani, zinaibuka, zinatembea jangwani siku na siku, na ndani yake hamna maji. Zinafika namba tupu. Yule mtu anainama, anachota kwa viganja, anakunywa namba.

"Nyanda."

"Naam."

"Saa tatu hiyo, ofisi ya maji wanasubiri. Tuma kumi na mbili."

Akatuma sifuri. Mzee alikiona kidole kikibonyeza. Akakaa kwenye kiti kama mtu aliyetoka kutangaza msiba, sasa anangoja watu waje. Wakangoja wote wawili. Simu ikalia.

"Wamesemaje?"

"Imepokelewa."

"Basi?"

"Basi."

"Hata pole?"

"Hata pole, baba."

Mzee akacheka kidogo, puani. Akavuta daftari, akatafuta ufutio, akaanza na kumi na mbili ya jana. Nyanda hakutaka baba yake ajue kuwa amemwona akifuta. Akatoka, akafunga mlango.