Ishirini Nukta Sifuri Sita

Nyumbani naitwa Profesa. Jina hilo nilipewa nikiwa na miaka tisa, baada ya kumweleza mgeni kwa nini kijiko cha chuma kinaunguza kuliko cha mbao ndani ya chai ileile. Maelezo yangu, nimekuja kugundua, hayakuwa na ukweli hata wa dawa. Mgeni alipiga makofi, mama akatabasamu, na mimi nikaharibika moja kwa moja.

Kwa hiyo matokeo yalipotoka na vyuo vikuu viwili vikanikubali kusoma fizikia, sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba vilikuwa viwili. Nilitakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na mimi sikuwa nachagua shahada ya kwanza. Nilikuwa nachagua uzamili na uzamivu, maabara yangu na watu wa kunifungulia mlango. Ngazi sijaikanyaga, lakini darini nilishaanza kupanga fanicha.

Chuo cha kwanza kinajulikana na kila mtu, hata wasiojua kinafundisha nini. Nitakiita Chuo Kikubwa. Cha pili ni Chuo Kidogo, ambacho mama alipokisikia aliuliza kama wanafundisha na ususi.

Jumatatu nilikwenda Chuo Kikubwa. Binamu yangu yuko mwaka wa mwisho palepale, fizikia hiyohiyo, na ndiye aliyenitembeza. Alinionyesha ukumbi wa watu mia nne, kisha mashine kubwa iliyokaa nyuma ya kioo, sakafu yake inang'aa.

"Inafanya nini?" nikauliza.

"Sijui bwana. Sisi wa shahada ya kwanza tunaiangalia tu."

Alikuwa anaomba nafasi za uzamili na alihitaji barua tatu za kumpendekeza kutoka kwa wahadhiri wanaomfahamu. Mmoja tu ndiye aliyemwandikia. Alinisomea kwenye simu: "Mwanafunzi huyu alisajiliwa katika somo langu na alifaulu."

"Basi?"

"Basi. Ataandika nini tena? Kabla ya kuandika aliniomba nimtumie picha, ajue ni yupi."

Alicheka peke yake. Mimi nilimpigapiga begani kumpa pole, huku moyoni nikijiambia kwamba kwangu itakuwa tofauti, kwa sababu mimi ni mimi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jumanne ikawa zamu ya Chuo Kidogo. Maabara ilikuwa na meza sita na dirisha lililozuiwa na kipande cha mbao lisijifunge. Wanafunzi watatu walikuwa wamefungua pampu mezani na wanabishana juu ya mpira uliochakaa. Mkuu wa idara, mama wa makamo aliyevaa koti jeupe na kandambili, alinipa uzi wa mita moja, nati nzito na rula.

"Ning'iniza hii, ibembee mara kumi, upime muda kwa simu yako," alisema. "Kisha nitafutie namba ya uvutano wa dunia."

Nilitaka kucheka. Namba hiyo kila mtoto wa sekondari anaijua: tisa nukta nane moja. Nikaachia nati, nikahesabu moja, mbili, mpaka kumi, nikasimamisha saa. Sekunde kumi na nane na kidogo. Nikapiga hesabu, ikaja kumi na mbili. Kwa jibu hilo dunia ingekuwa inavuta watu mpaka magoti yapinde.

Sasa mtu mwenye akili angerudia. Profesa hakurudia. Profesa aligeuza karatasi, akaanza na jibu la kitabuni, akarudi nyuma taratibu mpaka akapata muda ambao saa ingepaswa kusoma. Nikauandika kwa mwandiko mzuri.

"Sekunde ishirini nukta sifuri sita," nikatangaza.

Aliiangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Nilikuona ukianza," alisema. "Ulisema 'moja' pale ulipoachia nati. Hapo haijabembea hata mara moja, inatakiwa useme 'sifuri'. Ulipofika kumi, nati ilikuwa imekwenda na kurudi mara tisa tu. Lazima ulipata kama kumi na nane."

Nikaanza kuukunja uzi.

"Kumi na nane lingekuwa kosa zuri sana, mwanangu. Ningekuonyesha ulipoteleza, na ungeondoka hapa na kitu. Hii ishirini nitaifanyia nini?"

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonimaliza. Wale wa pampu waliinamia pampu yao kama hawakusikia, na walisikia kila neno. Nikaaga kwa haraka ya mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya mita moja ya uzi.

Jumatano nilikaa sebuleni nikachora jedwali. Niliweka vigezo kumi na kimoja, na kila kigezo nikakipa uzito kuanzia moja hadi kumi, ili uamuzi uwe wa kisayansi. Nikajumlisha. Chuo Kidogo kikashinda. Nikasema hapana, nimekosea, nikashusha "mwalimu atakayekufahamu" kutoka kumi hadi sita. Kikashinda tena. Nikashusha hadi mbili, nikapandisha "ukubwa wa ukumbi" hadi tisa, na hapo ndipo Chuo Kikubwa kikapita, kwa alama moja. Nikavuta pumzi, nikaona sayansi imesema.

Baba yangu ni fundi wa mizani. Wenye maduka humletea mizani zao azirekebishe, na meza yake ya kazi iko hapohapo sebuleni. Alkhamisi asubuhi alikuja nyuma yangu akifuta mikono, akalisoma jedwali kimya kimya.

"Nani kapanga uzito huu?"

"Mimi, baba."

"Kabla ya kujua jibu, au baada?"

Nikajifanya natafuta kifutio.

"Mizani zilizochezewa naletewa kila wiki," alisema. "Mwenye duka huniambia imechoka yenyewe. Mizani haichoki kuelekea upande mmoja kila siku. Kuna nini huko Chuo Kidogo unachokikimbia?"

Nilimweleza yote: uzi, nati, kuhesabu kwa kuanzia moja, na ile ishirini. Mtoto wa fundi wa mizani kughushi kipimo, tena mbele ya mtu ambaye angeniacha nikosee bila kunicheka! Nilimwambia pia lile ambalo halikuwemo kwenye jedwali: Chuo Kikubwa nilikitaka kwa sababu miongoni mwa watu mia nne hakuna atakayenigundua.

Nilisubiri kufokewa. Baba alirudi kwenye meza yake.

"Mpigie," alisema bila kugeuka.

Nilipiga namba iliyokuwa kwenye barua yao ya kunikubali. Mkuu wa idara alipokea kwenye mlio wa pili, nami nikajieleza vibaya, nikianzia katikati.

"Wa ishirini," akasema.

"Ndiye mimi, mwalimu. Nimepiga kusema ukweli. Nilipata kumi na nane nukta moja. Ile nyingine niliitunga."

"Najua. Umeamua kuja?"

"Natamani. Lakini nataka kusoma mpaka uzamivu, na baada ya miaka minne nitahitaji barua. Mkuu wa idara ni wewe. Utaandika nini juu yangu?"

"Nitaandika nilichokiona."

"Hata ile ya uzi?"

"Hata hiyo, na simu hii pia. Miaka minne ni mirefu, nitaona mengi. Kama unataka barua ya mtu asiyekuona, unajua pa kwenda, na sitakulaumu."

Niliogopa, sitaki kudanganya. Nimeshadanganya vya kutosha wiki hii. Nilipokata simu nilifungua ukurasa wa uthibitisho, nikachagua Chuo Kidogo na kubonyeza kabla kichwa changu hakijaanza kuniita Profesa.

Mama ndiye aliyeumia. Alishawaambia majirani, shemeji zake na fundi cherehani kwamba mwanawe anakwenda Chuo Kikubwa. Alikaa kitini na kitambaa cha vyombo mkononi, akaniangalia kama mgonjwa.

"Sasa huko kudogo," aliuliza, "utakuwa na nani? Binamu yako yuko kule kwingine. Huko kuna mtu hata mmoja anayekufahamu?"

"Yupo mmoja, mama," nikamwambia. "Ananifahamu kuliko ninavyopenda."