Vitanda vya Wasiokuwepo

Ieleweke mapema kwamba Mudathir, bingwa wa utundu wa kidato cha tano katika shule moja ya bweni pembeni ya Kilosa, alitenda tendo lake kwa moyo mweupe. Jumamosi ile Madam Hildegarda alikuwa ameacha ubaoni polinomia ndefu, igawanywe kwa x − 1. Mudathir akashika dasta, akafuta tumbo lote, akabakiza kichwa na mkia: x⁵ − 1. Hapo, aliamini, hata malaika wa hesabu angekwama.

"Shikamoo Madam!" darasa likasimama Madam aliporudi.

"Marahaba. Nani amekula tumbo la swali langu?"

Darasa zima likamgeukia Mudathir kama alizeti.

"Ligawanye. Likikushinda, wenzako wanakwenda ziara ya mbugani Mikumi, wewe unabaki na fagio."

Nje, basi lilishaanza kunguruma. Mudathir, ambaye muhula mzima alijigamba kwamba tembo wa Mikumi wanamngoja yeye, akaandika x⁴, akazidisha, akapata x⁵ − x⁴. Sasa atoe kwenye nini? Hapakuwa na x⁴ mwingine. Akambandika chini ya −1.

"Mwanangu, hao si ndugu!" Goodhope, jirani yake wa dawati, akaangua kicheko.

"Mwenzenu Samson amelazwa hospitali ya Berega," Madam akasema taratibu. "Kitanda chake bwenini mmempa nani?"

"Hatujampa mtu, Madam. Kimetandikwa, kinamsubiri."

"Na cha x⁴?"

Mudathir akafuta, akaandika upya, akiwatandikia wote wasiokuwepo: x⁵ + 0x⁴ + 0x³ + 0x² + 0x − 1.

Akagawa. Kwenye sifuri akazuka x⁴. Akagawa tena, akazuka x³, kisha x², kisha x, kila mmoja kitandani pake. Mwisho x − 1 ikakutana na x − 1 mwenzake. Baki, sifuri. Juu ya mstari: x⁴ + x³ + x² + x + 1, bila pengo hata moja.

Yeye ndiye aliyefuta. Sasa nani amewajaza? Akatafuta mzaha wa kusema, akaukosa, jambo ambalo shule ile haikuwahi kulishuhudia.

"Kapande basi," Madam akasema.

Honi ikalia. Wenzake wakatimka. Mudathir akabaki ameukodolea ubao macho.

"Madam… na ikiwa x¹⁰⁰?"

"Jaribu."

Akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Goodhope! Siti yangu iandikie sifuri, asikae mtu!"