Mtu wa Lusewa Aliyesimama Kichwa Chini

Kwa miaka mingi ya ujana wake Kajetani aliitazama nchi kichwa chini. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mpima ardhi, na mashine ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa darubini nzito ya miguu mitatu, ya zamani, yenye vioo vinavyopindua kila kitu. Ukiielekeza mlimani, mlima unaning'inia. Miti inaota kutoka juu kuja chini, moshi wa majikoni unateremka kama maji, na watu wanatembea angani bila kudondoka. Wenzake walilalamika kwamba inawatia kizunguzungu. Yeye aliizoea ndani ya juma moja, na baadaye, walipoletewa mashine mpya zinazoonyesha dunia ilivyo, alijiona kama mtu aliyenyang'anywa kitu ambacho hata jina hakikuwa nalo.

Sasa alikuwa mstaafu, akiishi Matogoro na mkewe Walburga, katika nyumba ambayo asubuhi za Juni ukungu wa mlimani huingia mpaka sebuleni mlango ukisahauliwa wazi. Hapo barazani, na kikombe cha chai mkononi, alikuwa akifumba jicho moja na kuingojea nchi igeuke. Mara nyingine, kabla usingizi haujamtoka vizuri, iligeuka kweli.

Mwaka huo binti yao Pamela, aliyekuwa mfamasia huko Mbeya, aliwapigia simu akawaambia wameshakaa ndani vya kutosha. Waende wakautembelee mkoa wao wenyewe, mpaka Tunduru, mpaka Mbamba Bay, na kamera ya safari atalipia yeye, maana simu zao hazioni mbali.

"Tutaanzia Lusewa," alisema Kajetani simu ilipokatwa.

Walburga alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Nilijua. Kwa yule mwanamke wako."

Habari za mwanamke huyo aliambiwa mwaka wa kwanza wa ndoa, na tangu hapo alikuwa akizitumia kama chumvi, kidogo kidogo, pale maneno yalipopoa. Mwaka themanini na tisa, Kajetani akiwa kijana wa miaka ishirini na minane, alipelekwa kupima ardhi Lusewa. Kwa siku tisa aliweka mashine yake juu ya kilima. Na kila asubuhi, jua likiwa limetoka tu, ng'ambo ya bonde alijitokeza mtu mwenye vazi refu jeupe, akasimama mbele ya nyumba ya nyasi, nyuma ya uzio wa matete, uso ukielekea kilimani. Hakupunga mkono. Hakufanya kazi yoyote. Alisimama tu kwa robo saa nzima, ndani ya kioo, akining'inia kwa nyayo kama popo mweupe, kisha akaingia ndani. Kajetani alipima umbali mpaka kwenye kona ya nyumba ile, ingawa hakuna aliyemwagiza: mita mia saba na kumi na mbili. Kwenda hakwenda. Kijito kilikuwa kimejaa, na zaidi ya kijito palikuwa na haya. Siku ya kumi lori lilikuja likawachukua.

Basi Jumanne moja waliteremka Songea mjini, mtaa wa Majengo, kwenye duka la Dorine, mwanamke wa makamo aliyepiga picha za paspoti chumba cha nyuma na kuuza kamera chumba cha mbele.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mnatafuta ya sherehe au ya safari?"

"Ya safari," alisema Walburga. "Iingie kwenye mkoba wangu huu. Sitaki kubeba mtoto mgongoni uzeeni."

"Na ivute mbali," alisema Kajetani.

"Ivute kiasi gani, baba?"

"Mita mia saba na kumi na mbili."

Dorine alimtazama. Alikuwa ameshaulizwa juu ya rangi, juu ya betri, hata juu ya kamera inayopunguza tumbo, lakini swali hilo halikuwahi kufika dukani kwake. Hakucheka. Alifungua kabati la vioo akatoa kamera tatu, akazipanga juu ya kitambaa.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, lenzi yake nene kama kopo la maziwa ya unga. Walburga aliinyanyua akairudisha. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kuingia mfuko wa shati, nyembamba, inapendeza. Ukiiwasha, lenzi inajitokeza yenyewe kama kobe anayetoa shingo. Ya tatu ilikuwa ndogo vilevile ila nene kidogo, imechubuka pembeni, na nyuma, juu ya kioo, ilikuwa na kitundu cha kuchungulia.

"Hii nyembamba inavuta mara thelathini," alieleza Dorine. "Hii yenye kitundu inavuta arobaini. Ila sitawaficha. Zote mbili ndani yake kuna jicho dogo. Ukivuta mpaka mwisho jioni, picha inaingia chenga. Na mkono ukitetemeka hata kidogo, kule mbali pote panatetemeka. Hizi ni za mchana na za mtu mtulivu."

"Mtulivu huyu hapa," alisema Walburga. "Siku nyingine namgusa nione kama bado yupo."

Kajetani alitoka na ile nyembamba barazani. Jua lilikuwa limepanda. Aliielekeza milima ya Matogoro, akatazama kioo cha nyuma, na alichoona ni uso wake mwenyewe na anga jeupe. Alikinga kwa kiganja, akavuta. Mlima ukaja ukiruka huku na huku kama mbuzi aliyefungwa kamba, ukampotea. Akarudi ndani akachukua ya tatu.

Alipoweka jicho kwenye kitundu na kufumba la pili, kelele za Majengo zilisogea mbali. Hakujua ni kwa nini. Kamera ilikaa kwenye mfupa wa shavu lake kama iliyopajua. Alibana viwiko mbavuni, akatoa pumzi nusu, akaiacha nusu, jinsi alivyofundishwa zamani, kisha akavuta. Mapaa ya bati yalipita taratibu chini yake. Ikapita mikaratusi. Msitu ukaja mpaka akaona mti mmoja mmoja, na kati ya miti uwazi mdogo, na kwenye uwazi huo mtu amekaa juu ya gogo anakula kitu kutoka kwenye karatasi. Alitafuna, akafikiri, akatafuna. Kajetani alikaa naye hapo muda mrefu. Kulikuwa na utulivu kule juu ambao ulishuka kupitia kioo ukamwingia kifuani.

"Baba amesafiri tayari," alisema Dorine kwa sauti ndogo.

"Muache," alijibu Walburga. "Hiyo hiyo. Tufungie."

Walifika Lusewa Ijumaa jioni, vumbi likiwa mpaka kwenye nyusi, wakalala kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi Kajetani aliamka na mpango wake: apande kilima, akae pale pale, avute, aone kwanza. Walburga alikuwa anafunga viatu.

"Miaka thelathini na mitano umemchungulia," alisema. "Leo tunabisha hodi mlangoni kama watu."

Nyumba ilikuwa pale pale kwenye kona aliyoipima, ila sasa ilikuwa ya matofali na bati, na uzio wa matete ulikuwa umekwisha zamani. Uani mwanamke wa miaka arobaini na kitu alikuwa anapeta ufuta. Aliwakaribisha, akawaamkia, akawapa vigoda, akajitaja kwa jina la Mwamvua. Ndipo akangoja, kama ilivyo adabu, mgeni aseme kilichomleta.

Kajetani alikuwa amelitayarisha neno hilo kwa nusu ya umri wake. Akaonyesha kilima kwa kidole. "Mwaka themanini na tisa nilikuwa pale juu. Siku tisa. Nilikuwa na mashine ya miguu mitatu."

Mwamvua aliweka ungo chini. Alimtazama usoni, akatazama kilima, akamtazama tena. Kisha akageukia mlango. "Mama, mpiga picha amekuja."

"Mpima," alisema Kajetani. "Mpima ardhi."

"Mpiga picha?" iliuliza sauti ndani, na bibi mmoja mwembamba, Mwanahawa, akatoka akijishikilia ukutani. Alipokea shikamoo zao mbili, akakaa mkekani, akapanga kanga yake. "Umechelewa," alisema.

Ndipo yakasimuliwa, mama na binti wakipokezana. Mume wa Mwanahawa, marehemu Abdulatifu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mtu kilimani. Aliona miguu mitatu. Aliona mtu anainama, anafumba jicho, anaangalia upande wao. Abdulatifu alikuwa amewahi kufika Songea akapigwa picha na mtu mwenye chombo cha namna hiyo hiyo, na hakuhitaji kuambiwa zaidi. Serikali inawapiga picha wananchi, alisema, na haiwezekani serikali ikaikuta nyumba hii katika nguo za shamba. Kila alfajiri baada ya kuswali alioga, akavaa kanzu yake ya Idd, akawapanga watoto watatu mbele yake kwa urefu, na wote wakasimama bila kupepesa mpaka alipoona yatosha.

"Kwa nini siku tisa?" aliuliza Walburga.

"Alisema labda jana tulitikisika," alijibu Mwamvua.

Kajetani alikuwa anatazama mikono yake. "Watoto sikuwaona."

"Uzio ulikuwa juu kuliko sisi. Tulitaka kuruka, baba akakataza. Picha ingeharibika."

"Na wewe mama," alisema Kajetani, akiwa anajua tayari, lakini akitaka kulisikia jibu, "wewe ulisimama wapi?"

"Mimi? Mimi nilikuwa jikoni. Nilimwambia uji haukorogwi na serikali."

"Hata siku moja hukutoka?"

"Hata moja, alhamdulillahi."

Kuku walikuwa wakidonoa ufuta uliomwagika. Halafu Walburga akaanza kutikisika mabega. Alijaribu kuuzuia mdomo kwa upande wa kitenge, haikusaidia. Akatoka kwenye kigoda akakaa chini kabisa, machozi yakimtiririka. "Nisameheni," alisema alipoweza. "Miaka yote hii, miaka yote, nimemwonea wivu mzee Abdulatifu."

Walipoelezwa, wenyeji nao walicheka, na Mwanahawa alicheka kuliko wote, bila sauti, macho yamefumba. Kajetani aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu akasubiri huzuni. Haikuja. Kilichokuja ni mtu yule yule mweupe ndani ya kioo, ananing'inia kwa nyayo juu ya anga la asubuhi, ila sasa alikuwa na masharubu, na alikuwa amebana pumzi kwa ajili yake. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba upande ule wa pili palikuwa na mtu anayengoja kitu kutoka kwake. Marehemu aliulizia picha ile ofisi ya kata kila alipopita, wenyeji walimwambia Kajetani. Aliulizia mpaka karani akawa anamkimbia. Msumari alikuwa ameshaupiga ukutani, na sasa ulitundikwa mwavuli.

Kajetani alifungua mkoba wa mkewe, akatoa kamera. "Mama, niruhusu niwapige sasa hivi. Hapo mlipo."

Mwanahawa aliitazama ile kamera ndogo kwa heshima kidogo na mashaka mengi. "Ya hapa hata mjukuu wangu anapiga kwa simu," alisema. "Ile yetu ilikuwa ya kutoka kule."

Kwa hiyo kesho yake, giza likianza kufifia, Kajetani alipanda. Goti la kulia lilimgombeza njia nzima. Juu alilikuta jiwe la mpaka alilolisimika mwenyewe, limezungukwa na nyasi ndefu, namba zake bado zinasomeka kwa kidole. Bonde lilikuwa limejaa ukungu mpaka ukingoni, jeupe, tulivu, na nyumba haikuonekana. Alikaa. Labda alisinzia. Alijiona ana miaka ishirini na minane, nchi ikageuka polepole, ukungu ukawa mbingu na mbingu ikawa ziwa, na hakujishika popote, kwa sababu hakuwa na hofu ya kudondoka.

Jua lilipogusa mgongo wake alifumbua macho. Ukungu ulikuwa unapasuka. Aliweka viwiko juu ya jiwe, akaweka jicho kwenye kitundu, akavuta.

Walikuwa wamesimama uani. Nyuso zilikuwa ndogo kama punje za mahindi, lakini aliwajua wote kwa nguo: Mwanahawa katikati, safari hii jikoni hakuna mtu, amevaa kanga mpya na baibui juu yake, Mwamvua kulia, wajukuu wanne wamepangwa kwa urefu, na pembeni, akiwa ameazimwa mtandio wa kijani, Walburga, amenyooka kama mtu anayeapishwa. Miguu yao yote ilikuwa chini, ardhini. Alitoa pumzi nusu, akaiacha nusu, akabonyeza. Akabonyeza tena, asije akawa ametikisika. Akabonyeza mara ya tatu.

Ndipo akakumbuka kwamba hawakupatana ishara. Hakuna aliyejua kama picha imekwisha pigwa au bado. Kule ng'ambo hakuna aliyesogea. Mtoto wa mwisho alijikuna mguu kwa mguu mwingine, mkono wa Mwanahawa ukamshukia kichwani, akatulia. Walburga alikuwa ameangalia moja kwa moja kilimani, kwake, kwa uso ambao hakuwa amewahi kuuona ukimngoja namna ile.

Angepaswa kuwaachilia. Alikaa nao kitambo, jicho kiooni, upepo ukipita kwenye nyasi. Kisha akasimama kwa msaada wa jiwe, akavua kofia, akaipunga. Hawakuiona. Akaipunga tena, juu zaidi.