Mistari Kumi na Tisa ya Elinipa

Umeme ulikatika Moshono saa nne asubuhi, Elinipa Kaaya akiwa ameshakosea neno lake la siri mara tano. Hakujali. Programu ya Kitasa ilikuwa imemfungia nje hadi kesho yake, na sehemu hiyo ya kufungia aliiandika yeye mwenyewe. Umeme uliporudi akaiwasha kompyuta yake ya mezani afanye kazi nyingine. Kitasa ikamwomba neno la siri upya, kana kwamba hajawahi kukosea.

Akakosea tena mara tano, safari hii makusudi, akachomoa waya, akawasha. Ikamruhusu kujaribu tena. Akarudia mara ya tatu, ikamruhusu vilevile.

Kitasa ilikuwa programu huria ya kufungia mafaili. Walioitengeneza ni watu wa kujitolea waliotapakaa nchi mbalimbali, na yeyote aliweza kusoma msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, na kupendekeza marekebisho. Elinipa, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi, alipeleka mistari kumi na tisa ya sehemu ile ya kufungia mwezi wa tatu, na siku walipoipokea alipika pilau akaita majirani. Sasa aliona alichokifanya: hesabu ya makosa aliiweka mahali panapofutika kompyuta ikizimika. Mtu mwenye subira angekisia neno la siri mpaka alipate.

Akawaandikia wasimamizi kwa anwani yao ya faragha, akaeleza tatizo, akamalizia kwamba mkosaji ni yeye. Msimamizi aliyekuwa Uruguay alijibu kwamba wanalishughulikia, toleo jipya litatoka Jumamosi, na mpaka hapo asimwambie mtu. Elinipa aliijua kanuni hiyo. Tundu likitangazwa kabla halijazibwa, wabaya ndio wanaowahi.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alifua nguo zilizokuwa safi. Darasani aliandika somo lilelile ubaoni mara mbili, wanafunzi wakatazamana. Kilichomnyima raha kilikuwa mtaa wa Sakina, nyumbani kwa Namelok, rafiki yake tangu sekondari, aliyekuwa na nyumba ya kuwahifadhi wasichana waliokimbia kuozwa. Majina yao na habari zao zote zilikuwa kwenye kompyuta ya Namelok, ndani ya Kitasa. Elinipa ndiye aliyemwekea. Na Jumatatu Namelok alikuwa amemwambia kioo kimepasuka, kompyuta iko kwa fundi.

Alhamisi mchana akachukua bodaboda. Alimkuta Namelok uani akimenya viazi.

"Kompyuta bado iko kwa fundi?"

"Bado, anasubiri kioo."

"Twende tukaichukue sasa hivi."

Namelok aliweka kisu chini. "Kuna nini?"

"Siwezi kukueleza yote hadi Jumamosi. Kufuli niliyokuwekea ina kasoro, na kasoro hiyo niliitia mimi."

Namelok hakugomba. Alinawa mikono, akatangulia barabarani bila kugeuka nyuma.

Fundi Saning'o alikuwa ameiunganisha kompyuta na kioo kingine, inawaka. Alisema amekuwa akiiwasha na kuizima tangu juzi, anapima. Namelok alipouliza kama kuna mwingine aliyeigusa, fundi alisema watu wanaingia na kutoka hapo siku nzima. Elinipa aliikagua kila mahali. Kama kuna mtu alijaribu, alama zake zilikuwa zimefutika.

Wakiwa njiani kurudi nayo, Namelok alisema wapo wasichana wawili ambao baba zao walishafika Sakina kuwaulizia. Hao hawatalala pale tena.

Elinipa akampigia mama yake aliyeishi kijijini Akheri, akamwamkia, akaeleza kwa kifupi. Mama aliuliza jambo moja tu, kama wanakula loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa ya mgando. Kabla jua halijazama wasichana walikuwa kwa mama huyo, wamekaa jikoni karibu na mlango, mifuko yao bado mapajani.

Toleo jipya lilitoka Jumamosi. Kwenye tangazo, aliyegundua kosa na aliyelifanya walikuwa na jina moja, kama Elinipa mwenyewe alivyoomba. Wengi walimshukuru. Mmoja aliandika kwamba wasiojua kazi wasiguse kufuli za watu.

Mchana huo Elinipa aliliweka toleo hilo kwenye kompyuta ya Namelok, akamweleza tatizo lote tangu mwanzo.

"Hii mpya imesomwa na wangapi?" Namelok aliuliza.

"Watatu, na mimi wa nne."

"Na ile yako?"

"Wawili."

Namelok alivuta kompyuta, akaigeuzia upande wake, akaandika neno jipya la siri huku amekinga kibodi kwa mkono. Hakuwahi kufanya hivyo mbele ya Elinipa. Kisha akauliza mama yake Elinipa anawaonaje wale wasichana, na Elinipa akajibu kwamba mdogo ameanza kula, mkubwa bado anashtuka kila pikipiki ikipita.

Aliporudi Moshono aliufungua msimbo wote wa Kitasa, maelfu ya mistari ya watu asiowajua, akaanza kuusoma kuanzia mstari wa kwanza.