Nusifa wa Kabla ya Mapacha

Barua pepe ya ufadhili ilifika Jumatatu, nikiwa maabara ya kiwandani napima sabuni. Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona kwamba nimepata. Mara ya pili niliona nimepata nini: shahada ya uzamili ya kemia ya mafuta, Malaysia, miaka miwili, nauli na malazi juu yao. Mara ya tatu niliona aya ya mwisho.

Aya hiyo ilisema kwamba barua zote mbili za mapendekezo zinamsifu sana mtu anayeitwa Nabirye, ilhali mwombaji wao anaitwa Nusifa Kagoya. Nilete, ndani ya siku kumi, barua ya mtu aliyenifundisha au kuniajiri, inayonitaja kwa jina lililo kwenye vyeti vyangu. Nisipoleta, nafasi itapewa anayefuata.

Nilitia udhu, nikasali rakaa mbili kwenye stoo ya magunia. Katika dua nilitaja jina langu kamili na namba ya kitambulisho cha taifa. Najua Mwenyezi Mungu hahitaji namba, lakini miaka sita ya masomo ya jioni imenizoesha kujaza fomu.

Kwa asiyetujua sisi Wasoga wa Uganda, nieleze. Msoga akizaa mapacha, jina lake la zamani linawekwa kando. Baba anakuwa Isabirye, mama anakuwa Nabirye, mpaka kaburini. Kumwita kwa jina la kwanza ni kuwatukana mapacha, na mapacha wakitukanwa hulipiza. Wangu ni Waiswa na Tenywa, wana miaka kumi na tisa. Mmoja anajifunza ufundi wa magari, mwingine analala mchana. Sijawahi kuona wakilipiza kitu. Lakini tangu wazaliwe, hakuna mtu mjini kwetu Jinja aliyeniita Nusifa, hata mume wangu. Vyeti vyangu vilichapwa makao makuu ya chuo, ambako hawawajui watoto wangu.

Jioni ileile nilimfuata Mwalimu Bogere darasani. Ndiye aliyetufundisha kemia sisi watu wazima, baada ya kazi, kwa miaka yote sita.

"Mwalimu, kwenye ile barua uliniita nani?"

"Nabirye."

"Wanamtaka Nusifa."

Alifuta ubao wote kabla ya kujibu. "Nabirye, barua ile niliiandika siku mbili. Nilisema una bidii. Nilisema unasali. Nilisema hujawahi kuvunja chombo cha kioo. Sasa unataka niichafue kwa tusi?"

"Si tusi, Mwalimu. Ni jina langu."

"Lilikuwa."

"Lakini wewe ni mtu wa sayansi."

"Ndiyo maana. Nimeona ushahidi." Alikunja mkono wa shati, akanionyesha kiwiko. "Mwaka wa themanini na nne nilimwita shangazi yangu kwa jina lake. Tazama."

Nilitazama. Kilikuwa kiwiko.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Bhupendra, mwenye kiwanda, ambaye barua yake ndiyo ilikuwa ya pili. Nilikuwa na matumaini kwake, kwa sababu ni Mhindu na mambo yetu hayamfungi.

"Dada," alisema, "mimi nimezaliwa Jinja, na baba yangu vilevile. Baba alimwita Nabirye mmoja kwa jina lake, mashine ya kukata sabuni ikasimama siku tatu."

"Mashine ile husimama kila mwezi, Mzee."

"Ndiyo. Tangu siku hiyo."

Alinipa ruhusa ya siku mbili nikahangaikie barua, na mche wa sabuni. Kisha akachukua mche wa pili akaniongezea, kwa ajili ya mapacha, kwa sababu kitu cha mapacha hakitolewi kimoja.

Ijumaa baada ya swala nilimsubiri Sheikh Muzamiru mlangoni mwa msikiti. Yeye alinifundisha Kurani nikiwa mtu mzima, kwa hiyo ni mwalimu wangu, na nimemsikia kwa masikio yangu akisema darasani kwamba mila za mapacha hazina msingi.

"Hazina," alisema nilipomkumbusha.

"Basi niandikie barua, Sheikh. Unitaje Nusifa."

Alivaa viatu vyake kwanza. "Mke wangu ana mimba," alisema. "Juzi daktari alimpima. Anasema anasikia mioyo miwili."

"Mashallah."

"Mashallah. Njoo baada ya miezi mitano."

Zilikuwa zimebaki siku sita. Nyumbani nilimweleza mume wangu. Cheti chake kinasema Siraj, lakini mimi pia sijawahi kumwita hivyo tangu wodini.

"Tafuta mtu aliyekujua kabla ya mapacha," alisema, huku akikaanga mayai. "Asiyejua kama ulizaa."

Hapo nikamkumbuka Mwalimu Namono wa Mbale. Alinifundisha kemia sekondari, kabla sijaacha shule na kuolewa. Tulikuwa hatujaonana miaka ishirini na mbili. Niliuliza uliza kwa simu, nikaambiwa amestaafu, anakaa mtaa wa Namakwekwe hukohuko Mbale, ana nyumba ya vyumba vya kupangisha.

Nililala nikiwa na swali moja. Je, kunyamaza ni uongo? Baada ya swala ya alfajiri nilifikia uamuzi kwamba si uongo, mradi nisiulizwe. Nikapanda basi la Mbale.

Mwalimu Namono alikuwa uani anaanika maharage kwenye turubai. Amezeeka, lakini macho ni yaleyale ya kuhesabu wanafunzi. Alinitazama kidogo tu.

"Nusifa," alisema.

Niligeuka kuona anayeitwa. Nyuma yangu palikuwa na boda boda na kuku. Kisha nikaelewa, nikapiga magoti kumsalimia.

Tuliongea Kiswahili, kwa kuwa Kisoga chake ni kidogo na Kigisu, lugha ya kwao, mimi sina. Alinipa chai, nikamweleza habari ya Malaysia. Sikusema kwa nini barua za kwanza zilikataliwa. Nilisema tu kwamba wanataka barua nyingine yenye jina langu kamili.

"Hiyo nyepesi," alisema, akaleta karatasi na kalamu. "Wewe ulikuwa na kichwa kizuri. Nililia ulipoacha." Aliandika tarehe, akaandika anwani. "Ngoja, nitasema pia kwamba wewe ni mama, wajue umesoma na mzigo. Una watoto wangapi?"

"Wanne, Mwalimu."

"Wa kwanza ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na wa pili?"

Niliangalia chai yangu. Nilimwambia Mungu kimya kimya kwamba hii njia ilikuwa nzuri mpaka hapa.

"Kumi na tisa," nilisema.

Mwalimu Namono aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Nabirye," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ungeniambia mlangoni, mila yenu naijua. Nimekuita jina lile, tena mbele ya maharage."

"Ningekuambia, barua ingepatikana?"

Aliingia ndani, akatoka na mananasi mawili yaliyolingana, akayaweka mbele yangu kwa ajili ya wanangu. Nilimweleza basi yote, kiwiko, mashine na mioyo miwili. Alisikiliza bila kucheka. Nilisema kwamba zimebaki siku tano, kwamba nina miaka arobaini, na kwamba anayefuata kwenye orodha pengine hajazaa kabisa. Kisha nikaomba maji ya udhu, kwa sababu adhuhuri ilikuwa imefika. Katika sijda ya mwisho sikuomba barua. Niliomba tu nisikasirike.

Nilipomaliza, Mwalimu Namono alikuwa ananitazama mkono. Nilikuwa sijashusha bado mkono wa gauni baada ya kutawadha.

"Hilo kovu," alisema. "Tindikali."

"Ndiyo. Darasani kwako, kidato cha tatu. Niliimwaga."

"Uliimwaga kwa sababu ulikataa kungoja." Alichukua kalamu. "Nusifa Kagoya alikuwa msichana wa kidato cha tatu. Yule msichana alikuwa na mapacha?"

"Hakuwa nao."

"Basi yeye namtaja nitakavyo. Sijamtukana mtu."

Akaandika, akisoma kwa sauti huku akiandika, kama tulivyokuwa tukifanyiwa imla. Aliandika kwamba mwaka wa 2001 alimfundisha kemia msichana aitwaye Nusifa Kagoya, hodari, asiye na subira, aliyeunguzwa na tindikali kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kovu lenye umbo la jani la mhogo. Aliandika kwamba leo amekuja kwake mwanamke mtu mzima, Nabirye, mwenye kovu hilohilo mahali hapohapo, na kwamba yeye, kama mwalimu wa sayansi kwa miaka thelathini na moja, hajui njia ya kovu moja kukaa kwenye watu wawili.

Alitia sahihi. Kisha akachukua karatasi nyingine, akaiandika yote upya, neno kwa neno.

"Mwalimu, moja inatosha."

"Kwa mtu mwingine," alisema.

Nilizituma zote mbili kutoka Jinja, pamoja na picha ya mkono wangu. Jibu lilikuja siku ya tisa, na safari hii nililisoma nikianzia mwisho. Walisema nakala moja ingetosha. Walisema kamati imeridhika na nafasi ni yangu, niripoti Septemba. Mwanzoni kabisa waliandika: Mpendwa Bi. Nabirye.

Mume wangu alisoma juu ya bega langu. "Watu wenye adabu," alisema.

Nilikwenda kutia udhu. Katika dua ya kushukuru nilitaja majina yote mawili, na namba.